Siku sita baharini na sanduku la vikaragosi, Deep Sea hadi Pangani

Ijumaa usiku

Shemeji yangu wa Texas akikupenda hakutumii pesa, anakutumia vyambo vya bandia. Sanduku lililetwa na mgeni aliyepitia Dar es Salaam: la plastiki, vyumba vyumba kama la fundi saa, na ndani mna visamaki vya kupakwa rangi, vyura wa mpira, minyoo ya zambarau, na vidude vyenye visahani vya kuzunguka ambavyo mpaka leo sijui vinaigiza kiumbe gani. Shemeji anavua besi, samaki wa maziwa na mito ya Marekani mwenye mdomo mpana kama mfuko. Kule wanamvua kwa starehe, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Ana mashindano yake na rekodi zake: besi mkubwa kuliko wote alivuliwa Georgia mwaka 1932, kilo kumi na kidogo, na mwaka 2009 akapatikana wa kulingana naye Japani. Afrika Mashariki yupo Naivasha, Kenya, alikopandikizwa zama za mkoloni. Baharini kwetu hayupo.

Mimi nina likizo ya wiki moja na mjomba ana boti. Tukaona twende tukavijaribu.

Mjomba ni kaka yake mama, mtu wa Sahare, Tanga, mvuvi wa mshipi tangu hajaota ndevu. Boti yake ya faiba, futi 23, inaitwa Subira, na mashine ni ya nguvu za farasi arobaini, stroki mbili. Nilipomfungulia sanduku alitazama kimya, akamnyanyua chura kwa mguu.

"Mwanangu, samaki wa huko wanakula sanaa?"

Tangu hapo jina likawa vikaragosi.

Kazi ya usiku huu ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Kwanza minyoo ya mpira: nusu yake ilikuwa imeyeyuka. Mpira ule laini hutiwa mafuta ya kuulainisha, na ukikaa umegusana na plastiki ngumu kwenye joto, mafuta huanza kuila plastiki. Tulikuta mnyoo wa zambarau umegandana na kisamaki cha fedha, vyote vinateleza kama bamia iliyolala. Ya kuokoa tukaitia kwenye mifuko yake peke yake.

Kisha ndoana. Mjomba alichomeka moja ya kikaragosi kwenye mlango wa banda, akaivuta kwa plaizi. Ikanyooka kama pini ya nywele. Ndoana za maji baridi ni nyembamba, na besi hana haja ya zaidi. Tukazitoa zote kwenye vikaragosi kumi na vinne, pamoja na vile vipete vinavyozishika, tukaweka nene za kuzuia kutu. Mbele ya kila kimoja tukafunga waya wa chuma wa shubiri mbili. Besi ana meno kama msasa, ndiyo maana kwenye picha zao wanamshika mdomo kwa kidole gumba. Nguru ukimshika hivyo utahesabu vidole upya.

Saa sita za usiku binamu yangu, mtoto wa mwisho wa mjomba, akaniuliza kwa nini tusinunue tu kibua tukachomeka kwenye ndoana. Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia ashike tochi vizuri.

Jumamosi

Bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Maji yalikuwa yamejaa alfajiri saa kumi na nusu, sisi tukatoka Deep Sea, pwani ya wavuvi pale Tanga, saa kumi na mbili yakianza kupwa, umande unavuma kutoka bara, bahari kama sufuria ya maziwa. Mwezi huu wa Novemba kusi limeshatulia na kaskazi halijashika kasi, na asubuhi zake ni za kutembelea.

Kabla ya kung'oa nanga mjomba ana utaratibu wake ambao hauruki hata ukiwa na haraka ya harusi. Kizibo cha tezi, kule nyuma ya boti, kimekazwa? Maboya ya kuvaa matatu yapo? Dumu la lita 20 la petroli limetiwa oili mililita 400, likatikiswa? Plagi za akiba, spana yake, bisibisi, upo wa kutolea maji ngamani? Kisha anawasha mashine, anainama nyuma, anatazama ule uzi wa maji unaoruka pembeni. Mashine ikikojoa vizuri, tunaondoka. Isipokojoa, hatuondoki.

Tuliiacha Toten upande wetu, kile kisiwa cha magofu kilichokaa katikati ya ghuba, tukazunguka Raskazone, tukaelekea kusini. Pale ndipo walikoshukia askari wa Kihindi wa jeshi la Kiingereza Novemba 1914, wakapigwa na Wajerumani, nyuki nao wakamalizia. Mjomba husimulia vita ile kana kwamba alikuwepo, na nyuki kila mwaka wanaongezeka.

Tukaanza kurambaza, yaani kuburuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda. Kikaragosi cha kwanza kilikuwa kisamaki cha fedha chenye mdomo wa plastiki, ule unaokisukuma kizame kikivutwa. Kwa mwendo wetu wa kawaida wa kurambazia nguru kikapinduka, kikaanza kurukaruka juu ya maji kama kokwa la embe. Tukapunguza mpaka kilomita saba hivi kwa saa, na hapo kikazama, ncha ya fimbo ikaanza kutetemeka, ishara kwamba kinaogelea. Lakini kilikuwa kinakwenda kombo, kinavuta kushoto na kuukaribia mshipi wa pili.

Hili shemeji alinifundisha kwa simu na nililiona halina maana mpaka leo. Unakishika mkononi, unaangalia kile kijicho cha waya cha puani unakofunga mshipi. Kikaragosi kikikimbilia kushoto, unakipinda kijicho kidogo sana kwenda kulia, unene wa ukucha tu, unakirudisha majini, unakitazama ubavuni mwa boti. Bado? Unapinda tena. Mara ya tatu kikanyooka kama kimechorewa mstari. Mjomba aliyekuwa akitazama pembeni huku anajifanya hatazami akasema, "Kumbe kinataka kunyooshwa kama mtoto."

Saa mbili na nusu nje ya Yambe akaja mzia, samaki mrefu mwenye meno makali, kama kilo tatu. Binamu, ambaye ametazama video nyingi mno, akanyoosha kidole gumba ampe mkono kama besi. Mjomba alimpiga kofi la kiganja kabla hajafika. Tukamtoa ndoana kwa plaizi ndefu. Rangi yote ya ubavu wa kile kisamaki ilikuwa imekwanguliwa mistari, mbao inaonekana. Dakika kumi baadaye akaja nguru mdogo kwenye kikaragosi kile kile kilichochubuka, na vile vyenye rangi mpya kwenye mshipi wa pili havikuguswa siku nzima.

Hapo nikamkumbuka Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyechonga kikaragosi chake cha kwanza mwaka 1936 kwa gome la mti, akakivalisha karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti. Yule alikuwa mvuvi wa kuuza samaki, hakuwa mtu wa starehe. Alichonga kwa kuwa aliona samaki wakubwa wanamfuata yule anayeogelea kama mgonjwa.

Tulilala Mwambani kwa jamaa. Nguru alipikwa chukuchuku, ndimu na pilipili tu. Mzia aliuzwa.

Jumapili

Leo ndiyo siku niliyofanya kosa, na nilikaa nalo siku mbili bila kusema.

Asubuhi haikuwa na lolote. Tulisubiri maji yapwe kabisa, saa tano na kitu, kisha yalipoanza kujaa tukasogea ukingo wa mwamba upande wa nje wa Yambe, mahali mawimbi yanapovunjika na kuacha povu. Huko kolekole huja na maji yanayojaa kuwinda vibua vilivyobanwa mwambani. Nikafunga kikaragosi cha juu ya maji, kile chenye mdomo uliochimbwa kama kikombe, kinachotema maji ukikivuta.

Kwa besi, anasema shemeji, unakirusha, unakivuta mara moja, kisha unakiacha kitulie mpaka viwimbi vyote vipotee, ndipo unakivuta tena. Besi anajificha kwenye majani au chini ya gogo, anafikiria, anaamua. Nilifanya hivyo kwa nusu saa na hakuna aliyekuja kufikiria. Mjomba akasema kolekole hana muda wa kufikiria. Nikaanza kukivuta bila kupumzika, pu, pu, pu, kelele mpaka mkono unauma. Mara ya nne maji yakapasuka nyuma yake.

Kolekole akikamata hageuki kushoto wala kulia, anashuka moja kwa moja mwambani akaukate uzi. Rili ya shemeji ni ndogo, breki yake ikaanza kulia, nami nikaibana zaidi ya inavyostahili. Aliponyooka upande wa boti alikuwa kama kilo tano, kipaji kirefu kama cha mzee mwenye hasira, ndoana mpya imemshika pembeni ya mdomo. Kama tungeacha zile za maji baridi, ningekuwa nasimulia hadithi ya samaki aliyeondoka.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Mawimbi yalikuwa yanatusukuma mwambani, mjomba akamwambia binamu awashe na arudi nyuma. Mimi furaha imenipanda kichwani, nimesharusha tena, uzi umelegea na kulala nyuma ya tezi. Nikaona uzi wa kijani unaingia chini ya mashine kwa kasi, kisha tap, ukakatika. Nikapoteza kikaragosi kimoja na kama mita kumi na tano za uzi wa kusuka. Hakuna aliyeona. Propela ilikuwa inazunguka vizuri, boti inakwenda. Nikajiambia umekatika wote, umebaki baharini. Nikafunga kikaragosi kingine.

Jioni tukielekea Tongoni, mashine ikaacha kukojoa. Mjomba aliizima hapo hapo, kabla hata sijaelewa kilichotokea. Alivyonieleza, pampu ya maji ina feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya bahari kupoza mashine. Feni ikichakaa au njia ikiziba, dakika chache tu pistoni zinaungua, na hapo huna mashine, una nanga ya bei mbaya. Lakini kabla ya kufungua chochote anaanza na tundu la kutokea maji, maana mara nyingi maji yanapita ndani vizuri, ila tundu limezibwa na mchanga au chumvi. Alichukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni, akakiingiza tunduni kama mtu anayesafisha sikio, akakizungusha. Kikatoka kijiwe cha mchanga na kipande cha jani. Akawasha, ikakojoa. Mwanzo maji yalitoka ya moto, kisha ya uvuguvugu.

Akasema hata hivyo feni yenyewe ina miaka miwili, inatakiwa ibadilishwe tukirudi.

Tongoni tulilala karibu na magofu ya msikiti na makaburi yale ya nguzo. Binamu alikataa kwenda kuyatazama wakati wa magharibi.

Jumatatu

Tulitoka gizani, tukaenda nje ya Karange, mahali sakafu ya bahari inapoporomoka ghafla. Eneo lote hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na vibali vyetu vya kuvua kwa burudani tulivikata mapema. Silikanti ni yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madude ya kale, mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga alianza kunaswa kwenye majarife ya papa ya maji marefu miaka ya 2000. Mjomba amemwona mmoja ufukweni, mweusi wa buluu mwenye madoa meupe, mapezi kama miguu. Walimwonja? "Nani ale mzee wa namna ile?"

Kwenye maji ya mita arobaini na kitu nikateremsha kichwa cha risasi cha gramu 60 kilichovishwa kisamaki cha mpira, cheupe. Unakiacha kifike chini, unazungusha rili mara tatu kukinyanyua, unakitikisa, unakiacha kianguke. Samaki wengi hukamata kikianguka, kwa hiyo uzi lazima uufuate kwa mkono usilegee sana, ama hutahisi kitu. Nilipata changu wawili na chewa mmoja mdogo. Chewa mjomba alimrudisha mwenyewe: "Huyu mtoto wa watu, akakue."

Kisha wakaja bunju. Huwaoni na wala hawanasi. Unahisi tik, tik, tik, unavuta, unakuta mkia wa mpira umekatwa nusu duara kama biskuti iliyong'atwa. Bunju wana meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na mpira wa shemeji kwao ni kashata. Nilipoteza visamaki vitano kwa robo saa. Kwenye maji yenye bunju weka chuma na uhifadhi mpira wako.

Kigombe tuliingia saa nne na nusu na tukafanya ujinga ambao hata mtoto wa Kigombe angetucheka, na walitucheka. Tuliiacha boti karibu na ufukwe, tukaenda kutafuta chai na mihogo, tukarudi tukaikuta imekaa mchangani, maji yako mbali kama yameitwa. Bamvua haina simile. Ilikuwa tukae mpaka alasiri.

Lakini kukwama kule kuna faida yake. Jirani yetu mchangani ilikuwa mashua ya mbao imelazwa ubavu, na mzee mmoja anaipiga kalafati, pamba iliyolowa mafuta anaisukuma kwenye nyufa kwa patasi butu. Pembeni mwanawe anakoroga deheni, chokaa na shahamu, ya kupaka sehemu inayokaa majini wadudu wasiitoboe. Mzee akaizunguka Subira yetu mara moja, akachuchumaa, akaweka kidole chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti.

"Boti yenu inalia."

Kweli, mahali fulani chini ya mkuku palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na maji yanatoka humo tone moja moja. Boti imekaa nchi kavu saa mbili na bado inatoa maji: maana yake maji yalishaingia ndani ya faiba. Watu wengi huamini faiba haitaki kitu. Haitaki deheni, ni kweli, lakini ufa mdogo ukiachwa, maji huingia, boti inaongezeka uzito, inakula mafuta, na wewe unailaumu mashine. Tuliuweka alama kwa chaki ya binamu. Kuuziba kwenyewe kungengoja Tanga, maana gundi ya faiba haishiki penye unyevu, lazima pakauke kwanza siku kadhaa, pasuguliwe kwa msasa mpaka penye uzima.

Sisi wenyewe tukasugua chini yote kwa vifuu na mchanga wakati tunangoja maji. Vigamba vidogo vya chokaa vilikuwa vimeganda kuanzia tezi mpaka katikati, vikali kama wembe. Nina alama kwenye kifundo cha mguu.

Jumanne

Siku bora ya safari, nayo ina maneno machache. Saa moja asubuhi, kati ya Kigombe na Pangani, tukaona ndege wanapiga mbizi, na chini yao maji yanachemka. Sehewa, jamii ya jodari. Binamu ndiye aliyeendesha, na aliendesha kwa akili: hakuingia katikati ya kundi, alizunguka akaja upande wa juu wa upepo, akapunguza mashine, akatuacha tusukumwe na upepo. Ukilipitia kundi kwa mashine linazama.

Kilichofanya kazi ni kijiko. Kipande cha chuma kilichopinda, hakina macho wala mapezi, cha bei ndogo kuliko vyote sandukuni. Nilikirusha mbali, nikakivuta mbio bila mapambo, wakagombea. Kile chenye visahani vya kuzunguka nacho nilikijaribu ili nisimdharau shemeji. Sehewa wa kwanza alikipinda waya wake ukawa kama hanga iliyokaliwa, na visahani vikaenda zao. Tulipata sehewa sita, tukatosheka.

Mdomo wa mto Pangani ni wa kuheshimiwa. Mto unatoka, bahari inaingia, na mawimbi husimama juu ya fungu la mchanga. Tulingoja nje mpaka saa kumi maji yajae vya kutosha, tukaingia nyuma ya mashua iliyokuwa na nahodha wa kwao.

Jioni mjomba akafanya kitu anachofanya kila baada ya siku tatu za kazi nzito. Alilegeza skrubu ya chini ya mguu wa mashine, atazame oili ya gia. Oili nzima ni nyeusi au ya rangi ya asali. Ile iliyodondoka kwenye kidole chake ilikuwa chai ya maziwa.

Alikaa kimya. Kisha akasema taratibu, "Maji yameingia. Kuna mshipi kwenye propela." Hakuuliza. Alitoa kipini, akafungua nati, akavuta propela, na nyuma yake, kwenye shafti, ulikuwa umejiviringisha uzi wa kijani, umebanwa na joto mpaka umekuwa kigumu kama pete ya plastiki. Uzi ule umeingia kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye shafti, umeikata mdomo, na kwa siku mbili maji ya chumvi yamekuwa yakinyonywa ndani ya gia.

Nilisema, "Mjomba, ni wangu. Jumapili."

"Nauona. Hapa Pangani nani mwingine ana uzi wa kijani?"

Hakuna alichoongeza. Ningependa angenigombeza.

Jumatano

Asubuhi ilikwenda kwa kungoja sili. Saizi ile hatukuipata Pangani. Mke wa mjomba aliinunua Tanga dukani, akampa konda wa basi la asubuhi, ikafika saa nne ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa namba ya simu kwa kalamu nyekundu. Mbili, maana zinakaa mgongo kwa mgongo, moja inazuia oili isitoke, nyingine inazuia maji yasiingie. Fundi wa hapo alizichomoa zile zilizokufa, akasafisha shafti kwa kitambaa mpaka ikawa haina mchubuko, akapaka grisi, akagonga mpya kwa kipande cha bomba kinacholingana na upana wake ziingie sawasawa.

Namna ya kutia oili niliitazama kwa makini, maana nilishazoea kuona watu wakimimina juu kama wanajaza chupa. Inasukumwa kutokea tundu la chini, polepole, mpaka itokeze tundu la juu bila mapovu. Skrubu ya juu inafungwa kwanza, oili isidondoke, kisha haraka unafunga ya chini. Ukiijaza kutoka juu unafungia hewa ndani, na gia za juu zinakaa kavu. Alitia, akamwaga, akatia tena, kusafisha maji yaliyobaki. Gharama ilikuwa yangu na niliilipa bila kuulizwa.

Jioni maji yakijaa tulikodi ngalawa ndogo tukaingia mtoni kwenye mikoko. Nilikuwa na deni na yule chura. Chura wa mpira yuko wazi ndani, na ndoana zake mbili zimelala mgongoni zikielekea juu, kwa hiyo unaweza kumburuta juu ya majani na mizizi bila kunasa. Besi wa Texas hupasua majani kumfuata. Mwenye ngalawa alituonya jambo moja tu, tusining'inize mikono majini, mto una mamba.

Nilimrusha chura mpaka kwenye shina la mkoko, nikamtembeza juu ya mizizi, akaruka, akatulia. Mara maji yakabonyea chini yake, akatoweka. Nilivuta. Nilimhisi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, mzito, mpole kwanza, kisha akageuka akaingia mizizini, uzi ukawa unakwaruza mti badala ya samaki. Ulipolegea nikamvuta chura. Alirudi na mguu mmoja.

"Alikuwa nani?" binamu akauliza. Mwenye ngalawa akasema mto una wenyewe.

Alhamisi

Tulirudi moja kwa moja, bila kuvua mpaka karibu na Yambe. Maziwe tuliiacha nyuma yetu kusini. Kule ni hifadhi, hakuvuliwi, na kisiwa chenyewe kimebaki fungu la mchanga tangu mivinje yake ilipomezwa na bahari miaka ile ya 1980. Kila nusu saa mjomba alitazama nyuma, mashine inakojoa. Mara mbili alizima, akanyanyua mguu wa mashine, akapitisha kidole nyuma ya propela. Sikusema kitu. Mshipi wangu ulikuwa ndani ya boti, umefungwa.

Deep Sea saa tisa. Tukaingiza mashine kwenye pipa la maji baridi, ikazunguka dakika kumi chumvi itoke, kisha binamu akachomoa bomba la petroli akaiacha ijizime, mafuta yasilale kwenye kabureta. Vikaragosi vilivyobaki tukaviosha, tukavianika kivulini, tukavirudisha sandukuni na kijimfuko cha punje za mchele kunyonya unyevu. Vya kuaminika nimevihesabu ni aina nne: kijiko, kisamaki cha fedha kilichochubuka, vichwa vya risasi, na kile cha kutema maji. Vilivyobaki ni vizuri kutazama.

Usiku nilimpigia shemeji kumshukuru. Aliuliza kama nina picha nimeshika samaki mdomo. Nikamtumia picha ya sili mbili mkononi mwangu na namba zilizoandikwa juu yake, nikamwambia mgeni mwingine akija, alete hizo, jozi tatu.

Chura wa mguu mmoja yuko kwa mjomba. Amemning'iniza kwenye kioo cha bajaji ya kijana wake wa kwanza.